Pa Kuvukia Reli

Meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilifika Ziwa Nyasa vipande vipande. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Vyuma vyake vilishushwa kwenye mlango wa mto Zambezi, katika nchi waliyoidai Wareno, vikapandishwa mtoni hadi Shire, na pale maporomoko ya Shire yalipozuia njia ya maji vikashushwa nchi kavu na kubebwa na watu. Huko juu ndiko vilikoungwa vikawa meli. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameshajitangaza mabwana wa pwani yote kuanzia Tanga hadi mto Ruvuma. Lakini ili waweke meli kwenye ziwa lililokuwa mpaka wao wenyewe, ilibidi wazunguke kwa Wareno na Waingereza. Kati ya pwani ya kusini na ziwa hapakuwa na reli.

Hadi leo hapana.

Mimi natoka Lundo, Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ukisimama ufukweni kwetu unaona kisiwa chenye jina hilohilo, na jirani yetu ni Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe linalofanana na simba mwenye kichwa cha mtu. Hapo Liuli, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo, ikaipiga. Mara nyingi tukio hilo hutajwa kuwa pigano la kwanza la majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo tuna meli kwenye vitabu vya historia. Treni hatuna hata moja.

Siyo kwamba hatukufikiriwa. Mwaka 1905 ilichapishwa taarifa ya Mjerumani Paul Fuchs, aliyetumwa kupima faida za kiuchumi za reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Mwisho wa reli hiyo ulifikiriwa kuwa Wiedhafen, ndiyo Manda ya leo, kaskazini mwetu. Mwaka huohuo Vita vya Maji Maji vikaanza Umatumbi na kuenea hadi Ungoni, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ya kati ukaanza Dar es Salaam. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Ya kusini ilibaki karatasi. Waingereza nao wakaja na Mpango wa Karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, wakajenga reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea. Karanga zikagoma, mpango ukavunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Haikuwahi kukaribia ziwa. Sasa kuna mpango wa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 1,000, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Mbamba Bay iko kusini mwetu.

Tazama basi: reli moja ya karatasi inaishia kaskazini ya Lundo, nyingine kusini. Hata kwenye ndoto za watu wengine tumepitwa pembeni.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, Mlimani, na utafiti wangu unahusu reli hizi ambazo hazikujengwa. Ukisoma mipango kwa muda mrefu unaanza kuota mistari. Ndiyo maana siku moja pale Kariakoo, kwenye meza ya vitu vya mitumba, nilipoona boksi lenye kichwa kimoja cha treni, mabehewa mawili na vipande vya reli, nilinunua bila kubishana sana. Ni reli ya kuchezea ya kipimo cha 1:87. Upana kati ya vyuma viwili ni milimita 16.5, ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1,435, upana uleule wa reli ya kisasa inayosemwa itafika Mbamba Bay. Nilikaa nayo chumbani nikaiwaza kama mtu aliyepewa nchi.

Nikaweka plaiwudi ya mita moja na nusu. Nikachonga vilima kwa sponji ya godoro na maboksi, nikavifunika kwa karatasi zilizolowekwa kwenye gundi. Ziwa ni kipande cha plastiki cha buluu chini yake karatasi nyeusi, maana Ziwa Nyasa ukitoka mita chache tu linakuwa na kina. Reli niliilaza siku moja. Kituo nilikijenga siku mbili. Kisha nikafika mahali pa barabara na reli kukutana, na hapo nikakaa wiki tatu.

Mwanzoni nilidhani ni ufundi tu unaonichelewesha. Ufundi upo, na nitausimulia, kwa sababu nimeupenda kuliko nilivyotegemea.

Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani, ndio unaolishika lisitoke kwenye chuma. Ukiijaza barabara moja kwa moja kati ya vyuma viwili, ukingo huo hauna pa kupita, treni inapanda juu ya barabara na kuanguka. Kwa hiyo ndani ya kila chuma lazima uache mfereji. Kwa magurudumu yangu ya kuchezea, ambayo kingo zake ni nene, mfereji ulihitaji milimita moja na nusu. Ikuze kwa 87: ni sentimita 13. Mguu wa mtoto unazama humo. Kwenye reli halisi mfereji ni mwembamba zaidi, lakini mwendesha baiskeli anayevuka kwa mshazari bado anaweza kulitumbukiza gurudumu lake humo, na ndiyo maana hushauriwa avuke akiwa amenyooka.

Katikati ya vyuma nililaza vijiti vya aiskrimu, nimevipasua kwa urefu viwe kama mbao. Vinalala sambamba na reli, siyo kuikata. Uso wake lazima uwe chini ya uso wa chuma kwa unene wa karatasi mbili hivi. Ukiuacha uwe sawa au juu, siku ya kusafisha chuma kwa msasa laini utakwangua rangi yote, na kichwa cha treni kikipita kinaweza kuinuka kidogo kikapoteza umeme, kikasimama palepale. Nje ya vyuma, kila upande, unaweka mteremko wa kadibodi ili barabara ipande taratibu hadi kwenye reli. Magari halisi pia yanahitaji mteremko huo uwe mpole. Tela refu la chini likikuta kilima kikali katikati ya reli, linakalia tumbo.

Halafu rangi. Kosa la wengi ni kupaka lami nyeusi. Nenda kasimame barabarani mchana uitazame lami: ni kijivu, na kadiri inavyozeeka inaelekea kwenye rangi ya vumbi la mahali ilipo. Nilichanganya nyeusi, nyeupe nyingi na tone la kahawia. Ilipokauka nikapitisha brashi karibu kavu yenye kijivu cheusi zaidi pale magurudumu yanapokanyaga, na kati ya vyuma nikadondosha weusi wa mafuta, kwa kuwa treni huchuruzika ikipita. Mistari myeupe niliipaka kwa kuzibia kingo na selotepu, kisha nikaikwaruza kwa msasa. Mistari mipya kabisa inadanganya. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 zinazoshuka kutoka Umatengo hadi ziwani, ilipata lami juzijuzi tu, lakini nenda uone kona zake, mistari imeshaanza kuliwa na matairi.

Nilijenga pia pa kuvukia pa pili, pa njia ya udongo. Udongo niliutoa nyumbani, kwenye mfuko wa nailoni: mwekundu wa Mbinga na mchanga wa ufukweni Lundo. Nikauchekecha kwa kichujio cha chai, nikaumwaga juu ya gundi ya mbao, kisha nikadondoshea maji yaliyochanganywa na gundi na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni maji yanasimama juu ya vumbi kama shanga, hayaingii. Kwa sabuni yanazama kimya. Udongo ukikauka unakuwa mgumu, lakini rangi yake ni ileile ya nyumbani, na hakuna rangi ya dukani inayoweza kuifikia.

Hizo ndizo kazi za mikono. Kilichonichelewesha ni swali ambalo mikono haikuweza kulijibu: geti liwekwe wapi, na likifungwa limzuie nani?

Geti la relini lina namna mbili za kufungwa. Linaweza kuziba barabara, treni ikapita. Au linaweza kuziba reli, watu wakapita, na treni ndiyo ingoje kufunguliwa. Hii ya pili inaonekana kichekesho, lakini miaka ya kwanza ya reli huko Uingereza mageti ya namna hiyo yalikuwepo: barabara ilikuwa ya zamani kuliko reli, na mgeni ndiye aliyepaswa kubisha hodi. Kisha sheria zikabadilika. Sheria ya Bunge ya mwaka 1845 iliyoweka masharti ya jumla kwa kampuni za reli iliagiza mageti yafungwe muda wote kuziba barabara, yafunguliwe tu pale mifugo na mikokoteni inapohitaji kupita. Mgeni akawa mwenye nyumba. Ukitaka sababu ya kifundi ipo, tena nzito: chuma juu ya chuma huteleza, na treni ndefu ya mizigo inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi kusimama. Haiwezi kumngoja mtu. Lakini sababu ya kifundi ilipata bahati ya kukubaliana na wenye hisa.

Huku kwetu reli ililetwa na serikali za kikoloni zikiwa tayari na jibu hilo mfukoni. Mara nyingi hata geti halikuwepo, palikuwa na kibao na honi. Aliyepaswa kuangalia kushoto na kulia ni mwenye miguu.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Zanzibar, na si wa serikali. Sultani Barghash alikuwa na reli yake tangu 1879, kutoka mjini hadi kwenye kasri la Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Hiyo ilikuwa ya kwake na wageni wake. Lakini mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co. ya New York, ilifungua reli ya kutoka mjini hadi Bububu, kilomita 11 hivi, na hiyo ilibeba watu wa kawaida. Ilipita Malindi katikati ya mtaa mwembamba, karibu kabisa na milango ya nyumba. Fikiria pa kuvukia reli ambapo ni kizingiti cha mlango wako. Mtaa mzima ulikuwa pa kuvukia. Huwezi kuweka geti, kwa sababu ungeweka mageti mangapi? Serikali iliinunua reli hiyo mwaka 1911, na abiria waliacha kubebwa mwaka 1922, barabara na magari yakiwa yameshashika mji. Nimejaribu kuchora mtaa ule kwa kipimo cha 1:87 na kila mara treni inamgusa mtu.

Wazee wa kusini walioijua reli waliijua kwa namna nyingine. Songea ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa manamba wengi wa kwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro, na kuanzia 1944 wakulima wa mkonge walikuwa na shirika lao la kuwaandikisha, SILABU. Wengi waliiona reli kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na namba. Hawakuivuka. Waliipanda, wakapelekwa.

Ili nijue mtu anavyosubiri, nilikwenda Tabata Relini mara kadhaa jioni. Tangu 2012 treni ya abiria ya jijini, ambayo watu waliibatiza Treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa wakati huo, imekuwa ikitoka Stesheni kwenda Ubungo. Nilikaa na daftari. Honi ikisikika, magari yanasimama kwanza, kisha bajaji, kisha bodaboda. Bodaboda wa mwisho huvuka wakati ambao mimi nimeshafumba macho. Wauza maji na karanga wanaingia kati ya magari, maana foleni ya treni ni soko la dakika tatu. Mama mmoja aliyebeba ndoo kichwani hakuishusha muda wote. Nilimtazama zaidi ya nilivyoitazama treni. Kushusha ndoo na kuitwisha tena peke yako ni kazi kubwa kuliko kusimama nayo.

Na tazama jina lenyewe: Relini. Watu hawakupaita kwa jina la mhandisi wala la kampuni. Wamepaita kwa kitu wanachokivuka kila siku.

Niliporudi nilichonga kibao cha alama ya X, ile inayowekwa kabla ya reli ili kukuonya. Mbao mbili za njiti ya kibiriti, rangi nyeupe, kingo nyekundu. Ni alama ndogo kuliko kucha yangu, na ndiyo iliyonichukua muda kupita vyote, kwa sababu kila nilipoitazama niliona X nyingine. Mtanzania wa umri wangu akiona X nyekundu hafikirii treni. Mwaka 2017 nyumba za Kimara kando ya Barabara ya Morogoro ziliwekewa alama hiyo, kisha zikabomolewa kupisha upanuzi. Kwenye hifadhi ya reli nako X hizo zimewahi kuchorwa ukutani. Herufi moja, brashi moja. Ya kwenye kibao inasema subiri. Ya ukutani inasema ondoka. Niliipaka ya kwangu kwa kalamu ya sindano, mkono umeegemea kitabu, na sikuweka tone lolote la nyekundu kwenye nyumba.

Maana nyumba ninazo za kuwazia. Mjomba wangu ana shamba la mihogo na mikorosho upande wa Mbamba Bay. Tangu lami ifike na kazi ya bandari mpya ianze kutajwa, ananipigia simu mara kwa mara, na baada ya salamu anauliza jambo lilelile: reli itapita wapi? Mimi ni msomi wa ukoo, tena wa mambo ya reli, kwa hiyo nadaiwa jibu. Namweleza mipango. Namweleza kwamba makaa ya Ngaka yanasafiri kwa malori kupitia Songea na Njombe, na kwamba kama reli ikijengwa malori hayo yatapungua. Anasikiliza kwa adabu.

"Sawa mama," akaniambia mara ya mwisho. "Hayo ya malori nimeelewa. Mimi nauliza njia ya kushuka ziwani. Itabaki?"

Hilo ndilo swali la geti, tena ameliuliza vizuri kuliko nilivyoliandika kwenye pendekezo langu la utafiti. Ukiangalia ramani za mipango, utaona vituo, madaraja na mahandaki, na mstari mwenyewe ni mwekundu, mnono, unaokata nchi kama kisu kwenye papai. Vijia havipo. Kwa kipimo cha ramani hizo kijia cha kushuka ziwani ni chembamba mno kuchorwa. Si njama ya mtu, ni unene wa wino. Lakini mhandisi anayeanza na ramani hiyo anaanza na nchi isiyo na watu wanaokwenda kuteka maji.

Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imelimaliza swali la geti kwa kuliondoa. Treni yake inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, sawa na mita 44 kila sekunde. Kwa mwendo huo honi haina maana. Kwa hiyo reli imezungushiwa uzio, na barabara inapita juu kwa daraja au chini kwa kalavati kubwa. Hakuna anayesubiri. Mimi naiona hatua hiyo kuwa nzuri, nisieleweke vibaya; maiti za relini ni nyingi mno kuzionea fahari alama zetu za X. Ila uzio hauna mlango kila mahali. Palipokuwa na vijia vitano panabaki kalavati moja, na watu wa vijia vinne wanazunguka. Kusubiri kumegeuka kuwa kutembea. Hesabu ya dakika inaweza kuwa ileile au zaidi, ila sasa haionekani, maana hakuna foleni ya kupiga picha.

Nikaamua ubao wangu uwe na vyote viwili. Upande wa lami nimeacha geti. Upande wa njia ya udongo nimeinua tuta na kupitisha kalavati chini yake. Mtu wa sentimita 160 kwa kipimo changu ana milimita 18. Nimemchonga kwa kijiti cha mshikaki: mama, kanga mbili, beseni kichwani. Pamoja na beseni anafika milimita 22. Kalavati nimeliweka la milimita 29 ili apite bila kuinama. Niliwahi kuona kalavati ambazo mtu anapita kwa kuinama, na mwenye beseni hawezi kuinama.

Kabla ya kumgundisha mahali pake nilimsimamisha kwenye geti la lami, treni ikiwa inapita, nikapiga picha na kumtumia mjomba kwa WhatsApp. Jioni akapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Picha nimeiona. Huyo mwenye beseni anashuka ziwani au anapanda?"

"Anapanda. Ana usipa."

"Wabichi?"

"Wabichi, anapeleka kuanika."

"Saa ngapi hapo?"

Sikuwa nimelifikiria. Nikatazama kivuli kwenye picha, taa yangu ya mezani ilikuwa juu kabisa. "Saa sita hivi mchana," nikasema.

"Na treni yako ina mabehewa mangapi?"

"Mawili tu, mjomba."

"Hayo mawili ni ya mfano. Ya makaa yatakuwa marefu." Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. "Basi mpitishe kwenye lile tundu. Usipa wabichi jua la saa sita hawangoji."